Maneno ya Baraza na Sahani ya Shangazi Yako

Mwanangu mpendwa Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, mama? Umefika salama? Miguu haikuvimba kwa kukaa kwenye basi? Na kifua je, maana nasikia huko vumbi lake haliombi ruhusa kuingia puani? Nakuuliza hali wakati begi lako bado limeegemea mlango wa chumba chako, na wewe umeshuka Mapera kumuaga mama yako wa ubatizo. Lakini barua hii nitaichomeka begini, na atakayeisoma ni Skola wa kesho kutwa, siyo wa leo, kwa hiyo namjulia hali huyo wa kesho kutwa. Sisi hatujambo. Bibi yako hajambo, ila ananuna kwamba umevaa sketi ya mitumba siku ya kuagwa wakati yeye alikuwekea kitenge. Mama yako hajambo. Mimi mzima, kwa neema ya Mungu, mgongo tu kama kawaida.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya kutomwachia mtu mzigo pale Makambako, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho. Siyarudii. Mimi nilikuwa na mengine, na najijua: kwa mdomo nikianza jambo zito naishia kukuuliza kama sabuni umeweka. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Unakwenda kujifunza uhakimu. Nikisema neno hilo peke yangu shambani, nasimama kidogo. Mimi baba yako niliishia darasa la nne la misheni, na huu ni mwaka wangu wa sijui ngapi nikikaa pembeni mwa hakimu pale mahakama ya mwanzo, mzee wa baraza, nikiulizwa mwisho wa kila shauri, "Mzee, wewe unaonaje?" Na unajua kilichonipendeza pale kuliko vyote? Siyo heshima, wala siyo kile kiti chenye mto. Ni maneno. Mtu aliyezaliwa na Kimatengo mdomoni, akakipata Kiswahili shuleni na kanisani, akikaa mahakamani anakuta Kiswahili kingine kabisa kimevaa koti. Mdai, mdaiwa, shahidi, dhamana, rufaa, fidia, kielelezo. Nikirudi nyumbani nayatafuna njia nzima.

Hakimu wetu yule wa Pangani, unamjua, mwembamba, anayeogopa baridi yetu hadi anavaa sweta mbili. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba kila neno la mahakamani lina kwao. Siku moja mvua imetufungia ndani, hakuna mdai wala mdaiwa aliyevuka mto, nikamuuliza, "Mheshimiwa, mimi mnaniita mzee wa baraza. Baraza lenyewe ni kitu gani?"

Akacheka. "Mzee wangu, umekalia kitu miaka yote hujui jina lake?"

"Nakalia kiti."

"Kwetu pwani," akasema, "baraza ni lile jukwaa la mawe mbele ya nyumba. Watu wanakaa jioni, wanakunywa kahawa, wanaongea. Mtu mwenye shida anakuja hapohapo. Walipokaa ndipo walipoamulia, basi hata kikao chenyewe kikaitwa baraza."

Nikamwambia, "Sisi kahawa tunailima, hatuinywi." Akasema ndiyo maana mashauri yetu marefu.

Toka siku ile kila mvua nilikuwa namshika. Akaniambia hakimu, hukumu na hekima ni ndugu wa tumbo moja, wametoka Uarabuni pamoja. Nikamwambia hiyo familia nayo itakuwa ina ndugu wasiosemezana, maana nimeona hukumu nyingi ambazo hekima hakualikwa. Akaniambia rufaa maana yake ni kuinua, kwamba shauri limeanguka chini, mtu analiinua kulipeleka juu. Hilo nililipenda, likanikumbusha padri anavyotuambia tuinue mioyo. Shahidi ndiye aliyekuwapo akaona. Na sisi kanisani mashahidi ni wale waliochomwa moto wakakataa kusema kinyume cha walichokiamini. Toka nilivyounganisha hayo mawili, mtu akisimama kutoa ushahidi wa uongo juu ya mbuzi, naona aibu kwa niaba yake.

Na kula kiapo. Hili hakimu hakulijua vizuri, nilikuja kulipata kwa Bibi yako. Nilimuuliza, mbona kiapo kinaliwa, si kinasemwa? Akaniangalia kama mtu anayeuliza kwa nini mvua inatoka juu. "Zamani kilikuwa kinaliwa kweli," akasema. "Kabla ya mapadri. Mnagombana, anakuja mtu na dawa yake ya mwavi, mnakunywa wote wawili. Aliyetapika hana kosa. Aliyekufa, basi."

"Na kama wote wametapika?"

"Wanakwenda nyumbani wana njaa."

Kwa hiyo ukisikia karani anamwambia mtu ale kiapo, na mtu yule ameshika Biblia anatikisa kichwa tu kama anayekubali bei ya karanga, ujue kwamba neno analolibeba liliua watu. Maneno haya siyo vyombo vya dukani. Yametoka kwa watu, yamepita mikono mingi mpaka kukufikia wewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini kuandika. Wewe unalijua nusu, kwa sababu leo ulikuwa jikoni na wanawake, na ile siku nyingine ulikuwa shuleni. Nataka uondoke nalo zima.

Unajua ntambo wetu huu, mteremko wote kati ya vijito viwili, kwamba ni wa watoto wa babu mmoja. Hakuna mwenye karatasi. Kila nyumba inajua ngolo zake, haya mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, zinaanzia wapi na mashimo yale ya mwisho ni ya nani. Na unajua neno sengu, ingawa umelikuta linazeeka. Nilipokuwa mdogo, wanaume wote wa ntambo walikula pamoja mbele ya nyumba ya mkubwa. Kila jiko linaleta sahani yake, zinawekwa katikati, mnakula zote, na kesi zote za ukoo zinamalizwa hapo huku mkono uko kwenye ugali. Nani kavuka mpaka, nani kampiga mke, nani aoe wapi. Mwanamke hakuwa na mdomo pale. Alikuwa na sahani. Lakini usidhani sahani ilikuwa haisemi. Marehemu bibi yangu alikasirishwa na uamuzi mmoja akaleta maharage bila chumvi siku tatu mfululizo, mpaka wazee wakaurudia upya.

Nilimuuliza Bibi yako pia asili ya neno sengu, nikidhani nitapata kitu cha kumringishia hakimu. Akasema, "Sengu ni sengu. Ulikula ukashiba. Ulitaka nini tena?"

Basi toka soko huria liingie, sengu imekuwa ya Krismasi na misiba tu. Siyo ubaya wa mtu. Malori ya wanunuzi binafsi yanapanda hadi mlangoni kununua kahawa, kila mtu anafukuzana na miche yake, anakula kwake haraka huku redio inaimba. Mteremko ambao zamani ulikuwa wa kuchungia mbuzi, leo mtu anautazama kwa jicho la kahawa.

Katikati ya hayo ndipo shangazi yako Agata aliporudi. Mumewe alivyofariki huko ziwani, shemeji zake walichukua mtumbwi na nyavu, wakamwachia sufuria na pole. Akapanda kwa miguu kupitia Tingi na mzigo wake kichwani, akaingia kwangu jioni moja akasema, "Gerold, nimerudi kwetu." Alichoomba kilikuwa kimoja tu: apewe ule mteremko wa chini, unaoshuka hadi kijitoni, alime ngolo zake, apande maharage na mahindi, afe akiwa hamwombi mtu unga. Na Baba yako Mkubwa Kosmas, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alikuwa ameshauwekea macho mteremko huohuo kwa kahawa. Akasema binti ameshaolewa, shamba lake liko alikoolewa.

Mimi nikasema, ngoja. Mimi ni mzee wa baraza. Hili nitalimaliza kisheria.

Hapo mwanangu cheka tu, hata mama yako mpaka leo anacheka. Nikaomba sengu iitwe. Tukakaa mbele ya nyumba ya Kosmas: yeye, mimi, binamu yetu Damian na vijana wake. Sahani zimekuja, ugali unafuka moshi, Bibi amekaa mlangoni na wanawake. Kosmas anamega tonge la kwanza. Mimi nikakohoa kama hakimu, nikasema, "Shauri limefunguliwa. Mdai ni Agata. Mdaiwa, simama."

Kosmas akatazama nyuma yake. "Unaongea na nani?"

"Na wewe, kaka."

"Mimi ndiye mdaiwa? Nimekopa nini?"

"Ni utaratibu tu. Mdaiwa anasimama akisomewa madai."

"Nisimame? Tonge liko mkononi."

"Liweke chini kwanza."

Damian akanivuta shati. Sikuelewa. Nikaendelea, "Na ukikaidi, baraza linaweza kusikiliza upande mmoja."

Kosmas akalirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, akafuta mkono kwenye suruali, akasimama. "Haya, nimesimama," akasema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Unaelewa nilichofanya? Kwenye sengu hakuna anayesimama. Anayesimama ameacha chakula, na aliyeacha chakula amejitoa. Kila mtoto wa ntambo huu anajua hilo kabla hajajua kufunga vifungo. Mimi nalijua. Lakini kichwa kilijaa maneno ya mahakamani hadi hayo ya nyumbani yakakosa pa kukaa. Tukabaki pale uani kwa mtu aliyejitoa, tunakula chakula cha mkewe, mwenyewe tunamsikia ndani anasogeza viti kwa hasira. Bibi yako akasema mlangoni kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Gerold, umemfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake. Hilo hata Wangoni hawakuliweza."

Kilichofuata siyo cha kuchekesha sana. Kosmas hakuja kwangu, nami sikuwa na uso wa kwenda kwake. Mvua zilivyokolea, akachimba mashimo ya kahawa kwenye mteremko ule wote, kuanzia juu hadi karibu na kijito. Sasa wewe ni mtoto wa Mbinga, unajua. Shimo ni shimo tu, lakini mche ukishaingia, basi. Nani atang'oa kahawa ya mtu? Na ikipita Machi bila ngolo, mwaka wa Agata umekwenda. Kila asubuhi alikuwa anatoka nyuma ya nyumba yangu, anasimama, anaangalia kama miche imeletwa.

Akaniambia, "Mdogo wangu, nipeleke mahakamani kwako. Nitasema mwenyewe."

Nikaenda kwa hakimu. Nikamweleza yote, pamoja na lile la mdaiwa simama, ambalo lilimfanya avue miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mzee wangu, dada yako ana haki ya kuja, na akija nitamsikiliza kama mtu mwingine. Ila hutakaa kiti chako siku hiyo. Utakuwa ndugu wa wadaawa. Kaa huko nyuma na wengine."

Nikamuuliza, "Na neno shauri lenyewe, kwao wapi?"

"Hata leo unauliza?"

"Leo ndiyo nataka kujua."

Akasema asili yake ni watu kukaa na kuulizana: wewe waonaje, na wewe waonaje. "Hilo la kuandikiana namba na kuitana kwa hati ya wito limekuja baadaye," akasema, "pale kuulizana kunaposhindikana. Kwenu kumeshindikana?"

Nilitembea hadi nyumbani nikijiuliza kama kumeshindikana, au mimi ndiye nililiruka.

Mwenye kulifungua siyo mimi, ni mama yako. Alikuwa anachambua maharage, mimi namlalamikia, akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada Agata anapika kwenye jiko langu. Sahani yake inakwenda kwa jina langu. Kwenye sengu yenu huyo hayupo, mnagombania mtu ambaye hayupo."

Kesho yake akamchukua shangazi yako wakachagua mafiga matatu kijitoni, wakayaweka nyuma ya nyumba yetu, wakaezeka kibanda cha nyasi juu yake. Hukuuliza kwa nini, ulidhani ni jiko la kuchemshia pombe ya kukuaga. Mama yako akasema tu, "Sasa tunangoja siku ambayo Kosmas hawezi kukataa kuja."

Siku hiyo ilikuwa leo. Mtoto wa ntambo hawezi kwenda mbali bila kula na wakubwa na kubarikiwa na mkubwa wao. Kosmas ana hasira, lakini anakupenda, na tena anawaambia watu wa mnadani kwamba binti yake anakwenda kuwa hakimu. Siyo binti wa mdogo wake, binti yake. Kwa hiyo baada ya misa akaja na koti lake, akanisalimia kama tunavyosalimiana na mkusanya kodi, akakaa mkekani.

Sasa nakueleza usichokisikia. Sahani zikaja: ya kwa Kosmas, ya kwetu, ya kwa Damian. Halafu ikaja ya nne. Ugali wa muhogo, mweupe pee, na usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya.

Kosmas akauliza, "Hii ya nani?"

Mwanangu, mdomoni mwangu neno kielelezo lilikuwa limeshasimama kwenye ulimi linasubiri kutoka. Nikamwomba Mama Maria anifunge mdomo, akanifunga. Damian ndiye aliyesema, "Ya Agata."

"Agata ana jiko?"

"Analo, nyuma ya kwa Gerold. Moshi wake huuoni kila siku?"

"Nauona. Nilidhani Gerold anachoma mahindi yake yaliyooza."

Hakuna aliyecheka. Akaivuta ile sahani kidogo, akachukua usipa mmoja kwa mkia, akamwinua, akamtazama machoni. "Na huyu naye amepanda mlima kwa miguu?" Kisha akala. Akatafuna kwa muda ambao ningeweza kusali fungu zima la rozari. Akasema, "Chumvi imezidi."

Hapo ndipo kijana wa Damian aliposhindwa akacheka, na Kosmas naye akacheka puani, akamega ule ugali wa muhogo. "Na huu unanata kama ulimbo. Mtu akila huu hawezi hata kubisha." Lakini akala, akarudia. Sote tukala. Mimi nilikula nisijue ninakula nini.

Unajua maana yake. Mkubwa akishakula sahani ya jiko, jiko hilo ni la ntambo. Na jiko la ntambo lisilo na shamba ni aibu ya mkubwa, siyo ya mpishi. Hakuna aliyelisema hilo. Tukamwacha anawe mikono. Akanawa, akafuta ndevu, akaangalia huko chini kijitoni, akauliza kama anayeuliza hali ya hewa, "Mwenye jiko hili analima wapi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Miche yangu imechelewa," akasema. "Yule wa kitalu ameniuzia maneno. Mashimo ya juu nitayapanda. Yale ya chini, kuanzia pale kwenye mgomba wa mzee hadi kijitoni, yafukieni." Halafu akanigeukia, mara ya kwanza toka siku ile ya mdaiwa. "Wewe mzee wa baraza. Mwanamke hafyeki nyasi. Kesho alfajiri tunafyeka na kuzipanga, ili wanawake wakute pa kuchimbia ngolo. Njoo na panga, usije na kalamu."

Nikasema, "Nimesikia, kaka."

"Na usisimame njiani kumwambia mtu asimame."

Ndiyo kile kicheko mlichokisikia huko jikoni, na ndiyo sababu shangazi yako alikwenda nyuma ya nyumba na kanga usoni. Mama yako aliniambia alirudi akauliza jambo moja tu: "Kesho niwapunguzie chumvi?" Mama yako akamjibu aache hivyohivyo.

Nisikudanganye, Skola. Siyo yote aliyoomba. Ni nusu ya chini, na nusu ya juu ndiyo yenye udongo mnene. Pengine mahakama ingempa yote, pengine isingempa hata shimo moja. Wala sikuandikii haya ili uende huko useme sengu ni bora kuliko mahakama. Nimemwona mjane wa Litumbandyosi ambaye wazee wa ukoo wa mumewe walikula sahani yake miaka na miaka, alipofiwa wakamwambia hawamjui. Akaja kwetu mahakamani, tukakaa, tukaulizana, akarudishiwa shamba lake. Siku ile nilijivunia kiti changu. Wapo watu ambao mlango wa mahakama ndio mlango wao pekee, na utakaponyimwa usingizi na mafaili, uwafikirie hao. Kosmas angeirudisha ile sahani leo, nami kesho ningekwenda na Agata bomani, nikakaa nyuma na wengine, nikaitwa shahidi, nikasema nilichokiona, hata kama kaka yangu asingenisemesha hadi kaburini.

Ninachokuambia ni kidogo kuliko hicho. Utafundishwa maneno mengi mazuri. Yapende, mimi nimeyapenda na sijutii. Lakini ukishakaa kwenye kile kiti na mtu mzima amesimama mbele yako, anashika kofia kwa mikono miwili, kumbuka kwamba kwao yapo maneno mengine ya haki ambayo hukufundishwa, na ambayo yeye hata hajui kwamba ni maneno ya sheria. Atakuambia habari za nani alikula wapi, nani alileta kuni, nani hakuja kwenye msiba. Makarani watataka kumkatisha. Mwache amalize. Mara nyingi kesi yenyewe imo humo. Mimi nilikaa pembeni ya hakimu miaka hiyo yote nikipiga miayo watu wakieleza mambo hayo, nikiona wanapoteza muda. Nasikitika nikiwafikiria.

Halafu usiache kuuliza. Ukipata mwalimu mwema, muulize neno dhamana limetoka wapi, kwa kuwa hakimu wetu alianza kunieleza mvua ikakatika, watu wakaja. Na kama huko kuna mtoto wa Kingoni au wa Kinyasa darasani, muulize kwao sengu wanaiitaje. Lazima wana kitu. Watu hawawezi kuishi kwenye mlima au kando ya maji bila mahali pa kumalizia ugomvi.

Sali rozari yako. Ukikosa kanisa karibu, sali hivyohivyo kitandani, Mungu siyo karani, hahitaji muhuri.

Sasa lile ambalo nilishindwa kukuambia uso kwa uso, na utakapolisoma utakuwa umeshaliona mwenyewe. Kesho sitakupeleka stendi. Najua uliniomba nikubebee begi, na nilikubali, na nilikuwa nimeshapiga viatu rangi. Lakini alfajiri hiyohiyo Kosmas atakuwa amefika kijitoni na panga lake, na nisipokuwapo atasema Gerold amejitoa, na nusu ile ya Agata itakuwa imekwenda kabla jua halijatoka. Mtu aliyefiwa, aliyepanda mlima na sufuria, amekubaliwa leo mchana. Sitaki kesho asubuhi ionekane kwamba ndugu zake walikuwa wanacheza. Kama wewe ni hakimu, hapo uamue: nije au nisije? Nadhani najua utakavyosema, ndiyo maana nimethubutu. Mama yako ndiye atakayekupeleka, na Bibi atakuja hadi njia panda. Mungu akutangulie, mama yangu. Nakubariki na mkono wangu huu wa kushoto, wa kulia una kalamu.

Nakuomba ujibu mapema, hata ukurasa mmoja, upitishie parokiani kama tulivyokubaliana. Ukifika kwenye salamu, taja kwa Baba Mkubwa Kosmas, taja kwa Damian, taja kwetu. Kisha mstari wake mwenyewe, usiuchanganye na wetu: "Wasalimieni nyumbani kwa Shangazi Agata." Barua yako nitaisoma kwa sauti mkekani, na nataka walisikie hilo.

Wako katika upendo wa Kristo,
Baba yako Gerold